Barua ya Kiingereza Kutoka Isaka

Kaka yangu aliniandikia kwa Kiingereza kwamba mama yetu amefariki, nami sikuelewa. Na Kiingereza ndicho nilichokuwa nasomea. Nilikuwa Uingereza kwenyewe, nimepelekwa na chuo changu cha Dar es Salaam kwa mwaka mmoja kusoma fasihi ya Kiingereza, ile yao na ile iliyoandikwa na watu wa nchi walizozitawala. Barua ile niliisoma mara tatu, nikacheka, nikaichomeka ndani ya kamusi.

Watu huniambia kwamba hasira ya msiba hupoa. Yangu haijapoa. Nikiikumbuka barua ile hata leo, nikiwa naosha vyombo au nasahihisha madaftari, nahisi meno yanakazana yenyewe.

Nianze na baba, maana mambo yote yalianzia kwake. Baba alifanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu wa Geita tangu kabla sijazaliwa mpaka ulipofungwa, nikiwa bado shule ya msingi. Alisukuma vigari vya mawe. Alichokileta nyumbani kutoka mgodini ni kifua kibovu na imani moja. Kule chini, alisema, kulikuwa na Msukuma mwenzake, wa rika lake, aliyejua Kiingereza. Mwenzake huyo hakushika sururu hata siku moja. Alisimama juu, kivulini, pembeni ya Mzungu, akigeuza maneno. "Tulikuwa na mikono ileile," baba alikuwa akituambia. "Yeye alikuwa na maneno. Mimi nilitoka na vumbi."

Mgodi ulipofungwa tulihamia Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwa ndugu zake mama. Tukalima pamba na viazi. Mama ndiye hasa aliyelima. Hakwenda shule, na Kiswahili alikijua cha sokoni tu, cha kuulizia bei na kuitikia salamu. Nyumbani tulizungumza Kisukuma. Lakini baba alituwekea sheria, mimi na kaka: yeyote kati yetu akiwa mbali, aandike barua kwa Kiingereza, hata kama hakuna wa kuisoma. Kaka aliishia kidato cha nne, akapata kazi ya ukarani wa mizigo katika stesheni ya Isaka. Mimi niliendelea. Nikamaliza kidato cha sita, nikaenda jeshi la kujenga taifa, nikafanya kazi miaka miwili katika ofisi ya kinu cha pamba kama ilivyotakiwa siku zile, kisha nikaingia chuo kikuu. Na baba alipoulizwa na majirani binti yake anasomea nini, hakutaja fasihi. Alisema, "Anasomea Kiingereza chenyewe."

Nilipochaguliwa kwenda nje, mama alikuwa ameshaanza kuumwa tumbo. Hakulalamika. Alinifungia michembe katika kitambaa, vile viazi vikavu vya kwetu, akaniambia nikivichemsha huko ugenini nisiwape Wazungu wasiovijua, wataumwa meno. Tulicheka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kinywani mwake, na nayashukuru kwa kuwa ni ya kicheko.

Barua ya kaka ilinifikia mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imejaa dirishani. Nitaiweka hapa kwa Kiswahili, kadiri ninavyoweza kuufuata mtindo wake:

"Nina heshima kukuarifu kwamba mama yetu mpendwa, baada ya kulazwa Kolandoto kwa wiki tatu ambapo alihudumiwa vyema, aliruhusiwa na kurejeshwa nyumbani. Kwa sasa amepumzika kikamilifu karibu na ua wa minyaa, mahali ambapo hasumbuliwi na maumivu ya aina yoyote. Mahudhurio yalikuwa ya kuridhisha. Katekista na majirani wote walifika, na fahali mmoja alichinjwa. Baba anaagiza kwamba habari hizi zisiathiri kwa namna yoyote maendeleo ya masomo yako. Tafadhali thibitisha kupokea."

Wewe unayesoma umeshaelewa. Ulielewa ulipofika kwenye ua wa minyaa, pale tunapozikia watu wetu. Mama yeyote wa Ibadakuli asiyejua kusoma, angesomewa maneno haya kwa lugha yake, angeweka mikono kichwani kabla hayajaisha. Kwa Kisukuma ningejua. Kwa Kiswahili ningejua. Lakini yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza nilikuwa nimefundishwa kukisoma kama kilivyoandikwa kwenye kamusi. Kuruhusiwa hospitali ni kupona. Kupumzika ni kuketi. Nilimwona mama kwenye mkeka, kivulini, miguu ameinyoosha, watu wanakuja kumpongeza, fahali anachinjwa kwa shukrani. Nilicheka kwa ajili ya Kiingereza cha kaka, Kiingereza cha mafaili ya reli, kinachoripoti afya ya mama kama shehena iliyofika salama.

Nikajibu siku ileile. Nikaandika kwamba nimefurahi kupita kiasi. Nikasema mmefanya vizuri kuchinja, na mimi nikirudi tuchinje mwingine. Barua hiyo ilisafiri mpaka Isaka.

Mwezi uliofuata mhadhiri wetu alitupa kazi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyewahi kufundisha katika mojawapo ya makoloni yao na ambaye alipenda kutuambia kwamba lugha ya Kiingereza sasa ni mali ya kila mtu. Semina yake ilikuwa ya watu kumi na wawili: Waingereza kumi, mimi, na mwanamume mmoja mtu mzima kutoka Ghana, aliyekuwa mwalimu wa shule kwao. Mhadhiri alisema kila mmoja alete kipande cha Kiingereza kilichoandikwa na mtu asiye mwandishi: tangazo, barua, maelezo kwenye chupa ya dawa. Tutakisoma, alisema, kwa makini uleule tunaousomea riwaya.

Nilipeleka barua ya kaka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ukweli ni kwamba nilitaka wacheke. Kwa miezi mitano nilikuwa nimekaa katika chumba kile nikiogopa kufungua mdomo, kwa sababu kila nikizungumza, "r" na "l" zangu za Kisukuma zinabadilishana mahali, na wasichana wawili wa mstari wa mbele wanaangaliana. Nilitaka siku moja niwe upande wa wanaocheka. Kaka yangu ndiye niliyempeleka kuchekwa.

Mhadhiri alitoa nakala kumi na mbili kwa mashine, akazigawa. Aliisoma barua kwa sauti, taratibu, kwa ile sauti nzuri aliyosomea mashairi. Aliposema "mahudhurio yalikuwa ya kuridhisha," darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka kuwazidi. Wakaanza kuichambua. Mmoja akasema sauti ya mkoloni imehamia ndani ya familia. Mwingine akasema ua ule ni taswira ya mpaka kati ya nyumbani na ulimwengu wa kisasa. Msichana mmoja wa mbele akauliza minyaa ni nini, nikamweleza: mmea wa utomvu mweupe, tunapandia ua. Akaandika. Mhadhiri akasema angalieni jinsi mwandishi anavyomgeuza mgonjwa kuwa taarifa. Nusu saa nzima. Watu kumi na mmoja, pamoja na aliyefundishwa kazi hiyo na kuifanya kwa miaka ishirini, na mimi niliyetoka tumboni mwa mama huyo, tulisoma kwa makini uleule tunaousomea riwaya, na hatukuona maiti.

Yule mwalimu wa Ghana alikuwa ameigeuza nakala yake kifudifudi juu ya meza.

Tulipotoka alinisubiri kwenye korido. Tulizoea kusalimiana tu.

"Dada," aliniambia, "mama yako alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa. Amepona. Si umesikia?"

"Umeshaandikiwa barua nyingine baada ya hii?"

"Bado."

Akaitazama ile karatasi, akanitazama. "Kwetu, mtu akiandikiwa barua kama hii, anayemsomea humtafutia kwanza kiti." Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Keti, dada."

Palikuwa na benchi. Niliketi. Alinipa karatasi nikaisoma upya, na safari hii niliisoma kwa Kisukuma, neno kwa neno, kimoyomoyo, kama vile kaka alivyoifikiri kabla hajaivalisha suti. Nilipofika kwenye ua wa minyaa nilisikia mtu analia, nikashangaa ni nani.

Mwalimu yule alikaa nami mpaka giza la saa kumi na moja la nchi ile lilipoanza kuingia. Hakunishika. Hakuniambia nijikaze. Aliniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, nikamweleza habari za michembe.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mhadhiri. Nilimwambia. Akaweka mkono kinywani, macho yakamjaa machozi, na nadhani alisikitika kweli. Akaniomba radhi. Akaniambia nipumzike, akaniongezea muda wa insha. Kisha, nilipokuwa nimeshainuka, akasema maneno ambayo mpaka leo siyamezi. Alisema kwamba sasa barua ile ina uzito mkubwa zaidi, kwamba inaonyesha kitu ambacho yeye amekuwa akijaribu kukifundisha siku zote. Akauliza kama nitamruhusu, hapo baadaye, nikiwa tayari, aendelee kuitumia.

"Naomba nakala zote," nilimwambia.

"Bila shaka, lakini fikiria. Ni matini yenye nguvu sana."

"Hiyo si matini. Ni tanzia ya mama yangu. Naomba nakala zote sasa hivi."

Alizitoa kwenye faili. Zilikuwa tisa. Nikamwambia zilikuwa kumi na mbili. Akasema moja nilikuwa nayo mimi mwenyewe, wengine wawili labda wameondoka nazo. Nikamwambia awaandikie wazirudishe. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na katika sauti ile "r" na "l" zangu zilibadilishana zilivyotaka, na kwa mara ya kwanza sikujali. Zilirudi zote ndani ya wiki. Wenzangu walikuwa wameandika pembezoni kwa penseli. "Inachekesha." "Lugha ya kiofisi." Msichana wa mbele alikuwa amepigia mstari mahali alipolala mama, akaandika: "bustani?"

Nilizichana zote vipande vidogo, bila haraka, nikiwa nimeketi kitandani. Kisha nikamwandikia kaka. Nilimwandikia kwa Kisukuma, lugha ambayo sikuwahi kuiandika, sikujua hata herufi zake zinapangwaje. Maneno yalikuwa machache na siyarudii hapa. Hakunijibu.

Kwenda nyumbani haikuwezekana. Mazishi yalikuwa yamepita zaidi ya miezi miwili. Nilimaliza mwaka ule kama mtu anayemaliza kifungo. Niliandika insha, nikapata alama nzuri kuliko nilizowahi kupata, maana sikuwa tena naogopa mtu. Mhadhiri aliandika chini ya mojawapo kwamba nimepata sauti yangu. Nilimrudishia insha ile bila kumshukuru.

Nilirudi mwezi wa saba. Treni kutoka Dar hupita Isaka kabla ya kufika Shinyanga, nikashuka na mzigo wangu mapema. Kaka alikuwa ghalani anahesabu magunia. Aliponiona aliweka kalamu sikioni, akasimama tu. Alikuwa amekonda. Hatukukumbatiana. Tulikwenda nyuma ya ghala, tukasimama juani.

"Ulipata barua yangu ya kwanza," nilimwambia. "Ile ya furaha."

"Niliipata."

"Ukajua sikuelewa."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuandika tena?"

Aliitoa kalamu sikioni, akaiweka mfukoni. "Baba alisema usijue, maana ungerudi. Mimi nikasema siwezi kumdanganya. Akasema basi andika kwa namna isiyomvunja. Kwa Kiingereza, aone tunamheshimu. Nilikaa na kamusi jioni nne. Jioni nne, kwa barua moja. Halafu ukajibu na kusema tuchinje mwingine. Ningeandika nini baada ya hapo?"

"Ungeandika mayu amekufa. Maneno mawili. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza."

"Mimi siwezi kukuandikia wewe kama mtoto wa darasa la kwanza," alisema, na sasa hasira ilikuwa yake. "Umesahau? Tangu ukiwa kidato cha tatu nakuandikia, na wewe unanirudishia barua zangu zimejaa wino mwekundu. Umepigia mstari makosa. Ile ya kukueleza nimepata kazi, ulinipa alama. Sita juu ya kumi. Kwa hiyo hii ya mama niliiandika isiwe na kosa hata moja. Niambie, ilikuwa na kosa?"

Haikuwa na kosa.

Hilo likanikasirisha zaidi, kwa sababu nilikuwa nimevuka bahari na hasira iliyonyooka, na sasa alikuwa ameikunja na kuielekeza kwangu. Tulipanda treni iliyofuata pamoja hadi Shinyanga.

Baba alikuwa ameshaita watu. Jumapili baada ya ibada uwanja wetu ulijaa: katekista, majirani, ndugu wa mama, na wazee wawili waliofanya naye kazi Geita. Mbuzi alichinjwa. Nilikuwa nimeshapelekwa kwenye kaburi asubuhi, nikaliona, udongo umeshaanza kushuka na majani yameota. Nilimwamkia baba shikamoo, akaitika marahaba. Watu walipokula, alisimama akasema binti yake amerudi kutoka kwa wenyewe, na sasa atawasalimia wageni kwa Kiingereza, kama wanavyosema huko.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nilifungua mdomo na barua ya kaka ikatoka, yote, kwa moyo, kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya taratibu ya kusomea mashairi. Nina heshima kukuarifu. Amepumzika kikamilifu. Mahudhurio yalikuwa ya kuridhisha. Nilikuwa nikimtazama baba usoni. Alikuwa anatabasamu. Wazee wa Geita walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilipomaliza walipiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Kaka peke yake aliinuka akaondoka uwanjani, akapita nyuma ya nyumba, na hakurudi kula.

Asubuhi iliyofuata nilichukua jembe nikaenda kung'oa majani kaburini. Baba akaja na lake. Tulifanya kazi pande mbili. Kifua chake kilikuwa kinakoroma kama kawaida.

"Jana ulisema nini?" aliniuliza kwa Kisukuma. "Watu wanaulizana."

Nikamtafsiria. Nilianza mwanzo, kwa Kisukuma, bila kupamba. Nilipofika pale mama alipopumzika, alilaza jembe chini.

"Basi," alisema. "Basi, ng'wanone, mwanangu. Imetosha."

"Hiyo ndiyo barua uliyoniandikia."

"Mimi nilimwambia aandike vizuri."

"Mama aliniulizia?"

Alitazama kwingine. "Kila siku. Nilimwambia uko njiani."

Nilisubiri aseme kitu kingine. Ningeweza kulipokea neno lolote siku ile, hata lililo nusu. Aliokota jembe akaendelea kulima. Nikaelewa kwamba alituambia uongo wa aina moja sote wawili, mama na mimi, kila mmoja kwa lugha yake, na kwamba moyoni alikuwa anaamini amefanya kazi ya baba mwema. Kama angejua ni kosa ningemsamehe mapema. Hakujua.

Niliondoka siku nne kabla ya siku niliyopanga. Sikumuaga. Nilimaliza chuo, nikaajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani kwetu, na wino mwekundu nikauacha. Nasahihisha kwa penseli, na barua za nyumbani za wanafunzi sizigusi. Mimi na baba tulikuja kuzungumza tena baada ya miaka miwili, kwenye harusi ya kaka. Tulikaa kwenye benchi moja, sahani mapajani, na tukazungumza juu ya mvua, kwamba zimechelewa, na kwamba pamba ya mwaka ule haitakuwa nyingi.